Kigoma hadi Tabora: upande ndege, basi au treni?

Julai moja binamu yangu anayeishi Dar alikuja likizo nyumbani Kigoma, na mwanawe mkubwa alikuwa amepangiwa kidato cha tano Tabora. Siku ya pili tu tangu afike, tumekaa barazani, akanisogezea simu yake nione. "Kaka, nimeshapima. Uwanja wa Kigoma mpaka uwanja wa Tabora kilometa 350. Dakika arobaini na tano tuko chini. Jumatatu asubuhi naondoka na mtoto, mchana nimeshamkabidhi shuleni, jioni nimerudi hapa nakula migebuka."

Kilometa zake zilikuwa sahihi. Hata dakika zake sikuwa na ugomvi nazo. Alichosahau kuangalia ni kama Jumatatu hiyo kuna ndege.

Haikuwepo. Iliyokuwepo ingempeleka kwanza Dar es Salaam, kule kule alikotoka, ashuke, asubiri, kisha apande nyingine ya kumrudisha bara mpaka Tabora. Alinitazama kama mimi ndiye niliyepanga ratiba.

Mimi ukweni kwangu ni Urambo, kwa hiyo njia hii nimeipita kwa ndege, kwa basi na kwa treni. Kuna mwaka niliipita hata kwa huo mzunguko wa Dar, nikajuta, na nitaueleza. Ninachoandika hapa ni kwa mtu mwenye safari halisi, mwenye mtoto wa shule, mgonjwa, mzigo au msiba, anayetaka kujua apande nini.

Kilometa 350 zinatoka wapi

Huhitaji simu kuzipata. Uwanja wa Kigoma uko karibu nyuzi 4 na dakika 53 kusini ya ikweta (dakika hizi si za saa, ni vipande vya uzi, 60 kwa uzi mmoja), na longitudo ya nyuzi 29 na dakika 40 mashariki. Wa Tabora uko nyuzi 5 na dakika 5 kusini, longitudo nyuzi 32 na dakika 50. Ukitoa, unaona miji hii miwili imepangana karibu kwenye mstari mmoja wa mashariki na magharibi: tofauti ya kusini ni dakika 12 tu, ambazo ni kilometa 22 hivi, na tofauti ya longitudo ni nyuzi 3 na dakika 10. Huku karibu na ikweta uzi mmoja wa longitudo ni kama kilometa 111. Zidisha, changanya, unapata 350 na kidogo. Marubani wanaopima kwa maili za baharini watakwambia 190, kwa kuwa maili moja yao ni kilometa 1.852.

Hizo nyuzi tatu ndizo pia zinazofanya jua la Kigoma lizame kama dakika 13 baada ya la Tabora, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Ukilinganisha na Dar tofauti inafika dakika 38 hivi. Mgeni wa kutoka Dar anayekuja Kigoma kwa mara ya kwanza hushangaa magharibi inavyokawia, halafu asubuhi akaona giza halitaki kuondoka. Likumbuke hili unapopanga basi la alfajiri: saa kumi na mbili asubuhi ya Kigoma bado ni kiza kuliko unayoijua.

Sasa, barabara na reli haziendi kwa mstari ulionyooka. Zote mbili zinazidi kilometa 400, na kinachozikunja ni maji. Kati ya Uvinza na Kaliua kuna mto Malagarasi na bonde lake lenye vinamasi, ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2000. Ukiwa juu unaiona vizuri: maji yametawanyika, nyasi, mikondo inayopinda pinda, na hakuna dalili ya haraka popote. Ukiwa chini ndipo unaelewa kwa nini wenye kujenga barabara walichukua miaka mingi.

Dakika 45 za angani ni kweli, lakini ndizo ndogo kuliko zote

Ndege ya pangaboi aina ya Q400, ile yenye viti 76 ambayo watu wa mikoani wameizoea, mwendo wake ikishatulia angani unazidi kilometa 600 kwa saa. Kwa kilometa 350 ungesema dakika 35 zinatosha. Ila haitulii. Inapanda kwanza, na kanuni ya marubani ya kushuka ni maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 za kuteremka. Ikiwa futi 20,000 na inakuja Kigoma, ambako uwanja uko kama futi 2,700 juu ya usawa wa bahari, inabidi ianze kushuka ikiwa bado na karibu kilometa 95 mbele yake. Toa hizo, toa na za kupanda, utaona safari hii ni mlima na bonde, tambarare yake ni fupi. Ndiyo maana weka dakika 45 mpaka 50 tangu magurudumu yaanze kuzunguka mpaka yasimame.

Ndege ya jeti kama Airbus A220 inakimbia zaidi, kilometa 800 na kitu kwa saa, lakini kwa umbali huu haikupi faida kubwa: kabla haijafaidi mwendo wake imeshaanza kuteremka. Kandoni kuna ndege ndogo za kukodi, Cessna Caravan za injini moja, zile zinazopeleka watalii Mahale na Katavi. Hiyo inaenda kama kilometa 300 kwa saa, kwa hiyo Tabora ni saa moja na robo au na nusu. Kuikodi ni kulipia ndege nzima hata ukiwa peke yako. Kikundi cha watu kumi kinachosafirisha msiba kinaweza kukaa kikapiga hesabu. Mtu mmoja asijisumbue kuuliza bei.

Lakini nani anayesafiri kutoka uwanja hadi uwanja? Mimi natoka Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, naenda mtaani Tabora. Viwanja vyote viwili, bahati nzuri, viko karibu na mji, bodaboda au bajaji haichukui muda. Shirika linataka ufike mapema, mara nyingi muda wa saa mbili kabla, na kaunta hufungwa kabla ya ndege kuondoka. Kisha kusubiri begi, kisha usafiri wa mtaani. Kwa ndege ya moja kwa moja, mlango hadi mlango, mimi huweka saa tatu na nusu mpaka nne. Bado ni nusu ya basi au pungufu. Siku hiyo ndege ikiwepo na nauli ukiwa nayo, hakuna cha kubishana.

Tatizo ni "ikiwepo".

Chombo kimelala wapi?

Hili ndilo swali ninalomuuliza kila mtu kabla hajanunua tiketi, na sijaona wengi wakilifikiria. Basi la Kigoma–Tabora limelala Kigoma. Dereva kalala Kigoma, na alfajiri utamkuta stendi anapiga matairi teke. Ndege unayoisubiri imelala Dar. Treni unayoisubiri nayo imeanzia Dar, imeshasafiri zaidi ya siku nzima kuja kwako, halafu inageuza.

Maana yake ni kwamba kila kilichoharibika huko nyuma unakilipia wewe. Mvua ikikata reli Kilosa au Gulwe, kama ilivyotokea mara nyingi, mtu wa Kigoma anayetaka kwenda Uvinza tu, kilometa mia na kitu, anakosa treni kwa sababu ya mto ulio mbali naye kiasi cha kilometa 800 au zaidi. Ukungu au hitilafu ikichelewesha ndege asubuhi Dar, wewe uliyekaa Kigoma jua linawaka huelewi ni kwa nini. Basi likichelewa, angalau sababu unaiona kwa macho, imelala chini ya bodi inafungua nati.

Ndege ina jambo jingine: haiji kila siku kwa kila njia, na ratiba inabadilika. Wakati mwingine inazunguka kwa pembetatu, Dar–Tabora–Kigoma–Dar. Hapo mtu wa Tabora anafika Kigoma moja kwa moja kwa dakika 45, lakini mtu wa Kigoma hawezi kwenda Tabora kwa ndege hiyo hiyo, maana ikitoka Kigoma inapasua mpaka Dar. Kwa hiyo usiulize tu "kuna ndege ya Kigoma na Tabora?" Uliza inaelekea wapi kwanza. Ukitafuta mwenyewe mtandaoni, andika TKQ kwa Kigoma na TBO kwa Tabora, kisha angalia idadi ya vituo na jumla ya muda. Ukiona safari ya "saa 9" usidhani kompyuta imekosea. Imekupitisha Dar.

Mzunguko wa Dar

Nilisema nitaueleza. Kigoma mpaka Dar kwa mstari wa angani ni kama kilometa 1,078. Dar mpaka Tabora ni kama 732. Jumla 1,810, kwa safari ambayo ilikuwa ya 350. Unapita juu ya Tabora, au karibu nayo, ukiwa umefunga mkanda, unaiacha, unakwenda kuitazama bahari, kisha unarudi. Zaidi ya mara tano ya umbali.

Angani peke yake ni saa mbili hivi kwenda Dar kwa pangaboi, na saa moja na nusu kurudi Tabora. Katikati kuna kusubiri. Mimi mwaka ule niliokosea, ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikaondoka bila mimi, nikalala Dar kwa shemeji ambaye hakuwa ananitegemea, na kesho yake mchana ndipo nikaingia Tabora. Jirani yangu tuliyeachana naye asubuhi ile Kigoma, yeye akielekea stendi na mfuko wake wa rambo, alikuwa ameshalala usiku mzima kitandani kwake Tabora.

Mzunguko huu nauona na maana kwa watu wa aina moja tu: mwenye shughuli Dar vile vile. Kama una siku mbili za kazi Dar halafu Tabora, panga hivyo na tiketi zako ziwe za shirika moja kwa pamoja, ili ukichelewa wao ndio wahangaike na wewe. Ukinunua tiketi mbili zisizojuana, ya pili ikikuacha imekuacha.

Basi

Hapa ndipo mambo yamebadilika kuliko kwingine kote. Wazee wa njia hii wanakumbuka kipindi ambacho kwenda Tabora kwa gari masika lilikuwa jambo la kuagana na familia. Gari lilizunguka Kasulu, Kibondo na Nzega, ama lilizama kwenye tope. Daraja la Kikwete la mto Malagarasi lilipokamilika na lami ikaanza kuunganishwa kipande kwa kipande, Kidahwe–Uvinza upande wetu, Tabora–Urambo–Kaliua upande wao, njia ya katikati ikawa njia ya kweli. Kipande cha Uvinza–Malagarasi ndicho kilichotutesa kwa muda mrefu kuliko vyote; vumbi la pale niliwahi kulitoa kwenye masikio wiki nzima baadaye.

Kwa sheria basi halitakiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa barabara kuu, na 50 kwenye makazi. Ukigawa kilometa 400 na ushee kwa 80 unapata saa tano, na hiyo ni hesabu ya karatasini. Weka vituo vya abiria, mizani, chakula, na kusimama kuchimba dawa, na mimi huhesabu saa saba mpaka tisa kutegemea gari na msimu. Nauli yake imewekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa kilometa, kwa hiyo haipandi eti kwa sababu umechelewa kununua, tofauti na ndege ambayo kiti cha jana na cha leo ni bei mbili.

Na tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, baadhi ya safari ndefu zimepata uchaguzi wa jioni. Kwa Kigoma–Tabora mimi bado napendelea mchana. Si woga. Ni kwamba usiku unafika Tabora saa tisa alfajiri, na hapo unakaa stendi unalinda begi mpaka kuche, ndiyo saa uliyookoa umeirudisha.

Jambo jingine la basi ambalo ndege haina: kushuka njiani. Ukwe wangu uko Urambo, kama kilometa 90 kabla ya kufika Tabora. Nikienda kwa ndege napita juu ya paa la mkwe wangu, natua Tabora, halafu natafuta gari la kunirudisha Urambo. Kwa mtu wa Nguruka, Usinge, Kaliua au Urambo, mjadala wa ndege haupo kabisa, hata ikiwa ya bure.

Treni

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo sisi ni mwisho wa reli. Ukitaka kujua ilikata nini, kumbuka kwamba Stanley na Livingstone walipoondoka Ujiji tarehe 27 Desemba 1871, kwa mitumbwi kwanza kisha kwa miguu, walifika Unyanyembe, pale Tabora, tarehe 18 Februari 1872. Siku 53. Treni ikaja kuifanya safari ya usiku mmoja, na tangu hapo haijapiga hatua nyingine kubwa: bado ni usiku mmoja.

Kwa reli hii ya zamani tenga saa 11 mpaka 13 kati ya miji hii miwili mambo yakienda vizuri. Siku zake ni chache kwa wiki, kwa hiyo nayo uliza kwanza. Lakini kuna watu ambao kwao treni ndiyo jibu, na wala si kwa sababu ya umaskini kama wenye magari wanavyofikiri. Mzee mwenye mgongo au miguu inayovimba, ambaye akikaa saa nane kwenye kiti cha basi siku tatu hatembei vizuri: mkatie daraja la pili kulala, anyooshe miguu, asubuhi aamke anafika. Mama mwenye watoto watatu wadogo. Na mwenye mzigo.

Mzigo nitausema kidogo zaidi kwa kuwa huku kwetu hakuna anayesafiri mikono mitupu. Kutoka Kigoma unapeleka dagaa, migebuka ya kukausha, mawese. Kurudi unaleta asali, karanga, na msimu ukiwa wake, maembe ya Tabora. Tiketi ya kawaida ya ndege mara nyingi ina kilo 23, na dumu la mawese kwenye kaunta ni mazungumzo marefu yanayoishia wewe kulikabidhi kwa aliyekusindikiza. Dagaa nao wana harufu isiyofungika kwa mfuko wowote. Basi linabeba, kwa bei ya kuelewana na konda, na ukae ukijua litawekwa chini ya mizigo ya wenzako. Treni inabeba, unapimiwa na unapewa stakabadhi. Tena njiani inakuongezea: Uvinza ni mji wa chumvi, na stesheni zile ndogo zina akina mama wenye kuku, ndizi na asali wanaokujia mpaka dirishani.

Kinachokuja ni reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Tabora–Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilometa 506 ukijumlisha njia za kupishania, 411 zikiwa njia kuu. Treni za abiria za reli hiyo zimesanifiwa kwenda kilometa 160 kwa saa. Gawanya 411 kwa 160: saa mbili na nusu na dakika chache, weka vituo ziwe tatu au tatu na nusu. Siku hiyo ikifika, ndege ya Kigoma–Tabora itabaki na kazi gani, sijui, labda ya dharura. Dar–Dodoma, ambako treni hiyo inatembea tangu 2024, watu wameshaanza kuchagua hivyo.

Pembeni kwa pembeni

| | Umbali | Ukiwa njiani | Mlango hadi mlango | Chombo kinaanzia |
|---|---|---|---|---|
| Ndege moja kwa moja | km 350 | dakika 45–50 | saa 3½–4 | Dar |
| Ndege kupitia Dar | km 1,810 | saa 3½ angani | saa 9 na zaidi, au kulala | Dar |
| Basi | zaidi ya km 400 | saa 7–9 | saa 8–10 | Kigoma |
| Treni ya zamani | zaidi ya km 400 | saa 11–13 | saa 12–15 | Dar |

Safu ya mwisho ndiyo ninayoisoma kwanza.

Nani apande nini

Mwanafunzi anayeripoti shule na sanduku, godoro na ndoo: basi. Sina hata haja ya kulijadili. Godoro lenyewe limeshakujibu.

Mgonjwa anayehamishiwa hospitali ya Tabora, kama anaweza kukaa: ndege ya moja kwa moja ikiwepo ndani ya siku mbili, subiri hiyo. Isipokuwepo, basi la mchana, kiti cha mbele, na usimpitishe Dar kwa jina la haraka. Kupanda na kushuka ndege mara mbili kunachosha mgonjwa kuliko barabara. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mjamzito wa miezi ya mwisho, mashirika ya ndege huomba barua ya daktari, basi itafute kabla hujalipa.

Mtu wa mkutano wa siku moja, begi la mkononi, nauli ya ofisi: ndege, lakini mwambie mwenye kupanga mkutano aupange siku ya ndege. Nimeshaona ofisi zikipanga tarehe kwanza kisha zikaanza kutafuta ndege, na mwisho gari la ofisi likasafiri usiku.

Msiba: basi. Msiba hausubiri ratiba ya Ijumaa.

Anayekwenda Dar, si Tabora, asitumie hata mstari mmoja wa haya niliyoandika. Huko hesabu inageuka kabisa. Kilometa 1,078 za angani ni saa mbili au pungufu. Kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,250 na karibu siku mbili. Kwa basi ni mchana na usiku. Umbali ukiwa mrefu kiasi hicho, zile saa mbili za kukaa uwanjani zinamezwa. Nikienda Dar napanda ndege kila nikipata nauli, na sijawahi kujuta. Ni kwenye hizi njia fupi, mji wa bara kwenda mji wa bara jirani yake, ndipo ndege inakuwa na maneno mengi.

Neno moja la saa, maana limewaacha watu wengi. Tiketi ya ndege imeandikwa kwa saa za Kizungu, 10:00 ni saa nne asubuhi. Tiketi ya basi inaweza kuandikwa hivyo hivyo, lakini konda akikupigia atasema "saa kumi na mbili kamili", na hapo anamaanisha alfajiri. Mama yangu mdogo aliwahi kufika uwanjani saa kumi jioni, amejipamba, na kanga mpya. Ndege ilikuwa imeshatua, imeondoka, na wanaofagia walikuwa wanamaliza.

Binamu yangu? Jumanne saa kumi na mbili asubuhi niliwafikisha stendi, yeye na mtoto na godoro. Saa nane mchana akanipigia wako Urambo, barabara nzuri, anashangaa mbona hakuna aliyemwambia. Mtoto akamkabidhi kesho yake asubuhi, kwa sababu walifika shule imeshafunga ofisi. Kurudi akasema anataka kujaribu treni, na bahati ilikuwepo ya usiku huo, ikachelewa kutoka huko ilikotoka, akaingia nayo Kigoma Alhamisi mchana akiwa na chumvi ya Uvinza mikono miwili. Migebuka ilikuwa imepashwa moto mara ya tatu.